Arthi Kwanza: Kuifunga Nyaya Upya Land Rover Iliyokaa Pwani

Ukitaka kujua kama gari la zamani limeishi bara au limeishi Pwani, usihangaike na bodi. Bodi hupigwa rangi. Ingia chini ya dashibodi, shika waya wowote, umenye ganda lake kiasi cha urefu wa kucha, kisha utazame shaba iliyo ndani. Gari lililokaa Nanyuki, hata likiwa na miaka arobaini, shaba yake bado ina ule wekundu wa asili. La Mombasa utakuta ni nyeusi. Menya zaidi, bado nyeusi. Unyevu na chumvi huingilia kwenye ncha ya waya, vikasafiri polepole ndani ya ganda, huku kwa nje waya wenyewe ukipendeza kama ulionunuliwa jana. Na waya wa aina hiyo ukiupima kwa mita ya umeme bila mzigo, utakupa volti 12 zote bila aibu. Utie kazi sasa, uuambie uwashe taa kubwa mbili, ndipo utajua unadanganywa.

Gari ninaloliandikia hapa ni Land Rover Series III, ile fupi ya inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na nchini Kenya kampuni ya Leyland ilikuwa ikiziunganisha Thika. Polisi walizitumia, Idara ya Misitu ilizitumia, na mashamba ya mkonge vilevile. Yangu kwa kweli ni magari mawili. Bodi na injini vilikuwa chini ya mkorosho huko Kikambala, kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma. Chasisi nilitafuta Voi, ambako hewa ni kavu, kwa sababu ile ya Kikambala ukiigonga kwa nyundo, nyundo inapita. Naiunganisha nyumbani, uani Kisauni, jioni na wikendi. Mchana nafanya kazi ya umeme wa kontena za baridi bandarini, kwa hivyo waya haunitishi. Kilichonishughulisha ni jinsi waya wa gari unavyooza kwa namna yake.

Mafundi wengi waliipitia hii gari kabla yangu, na kila mmoja aliacha waya wake. Taa ikizima, hakuna aliyetafuta ilipozimia. Waya mpya ulivutwa kutoka betri moja kwa moja, ukapitishwa juu ya ule wa zamani, ukasokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Taa ndogo ya kushoto ilikuwa inachukua moto kwenye swichi ya waipa. Honi ililia ukikanyaga breki. Kwenye kisanduku cha fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imeviringwa vizuri, imekaa mahali pa fyuzi. Nawaelewa walioifanya: mteja amesimama, ana haraka, ana shilingi mia tatu, anataka kufika Malindi kabla ya magharibi. Lakini ukishakuta hali kama hiyo usijaribu kurekebisha kimoja kimoja. Ng'oa zote.

Niliziondoa zikiwa zimeshikana, bila kukata, nikazilaza juu ya ubao wa plaiwudi. Kila mahali waya unapochepuka, kwenda taa, kwenda koili, kwenda geji, nikapigilia msumari. Ubao huo ndio ramani. Wairingi mpya imesukwa juu yake, ikifuata misumari, na urefu ukabaki sawa na wa kiwandani.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu waliochora gari hili. Waingereza wenyewe wana utani wao kwamba Joseph Lucas, ambaye kampuni yake ndiyo iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari yao mengi, alikuwa mwana wa mfalme wa giza. Utani mzuri, ila kwa maoni yangu wamemwonea. Mpangilio wa rangi za nyaya zao ni wa kusomeka. Kahawia hutoka betri moja kwa moja, hailali usiku wala mchana. Nyeupe huamka ukizungusha ufunguo. Kijani ni nyeupe iliyokwisha kupita kwenye fyuzi. Zambarau ina fyuzi lakini haingoji ufunguo. Nyeusi ni arthi, yaani njia ya umeme kurudi betri, siku zote. Buluu ni taa kubwa: yenye mstari mweupe ni fulu, yenye mstari mwekundu ni dimu. Nyekundu tupu ni taa ndogo na za nyuma. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia, chenye zambarau ni taa ya breki. Ukishayajua haya, unaweza kuinua boneti ya Land Rover, Mini au Morris usiyopata kuiona maishani, ukaanza kusoma.

Shida ni kuzipata rangi hizo Mombasa. Nilizunguka maduka ya spea kuanzia Mwembe Tayari nikishuka Jomo Kenyatta Avenue, na jibu lilikuwa moja: nyekundu ipo, nyeusi ipo, buluu labda wiki ijayo. Waya wenye mstari lazima uagize Uingereza, na nauli inauma kuliko bei. Nikageukia upande ambao watu wa magari hawaendi, kwa watu wa boti. Wenye boti za kuvulia samaki wakubwa kule Mtwapa na Kilifi hutumia waya ambao kila uzi wake wa shaba umepakwa bati. Ni ghali, lakini ukiumenya baada ya miaka mingi ya maji ya chumvi unakuta rangi ya fedha, hukuti weusi. Nikanunua rangi za msingi, na mistari nikaitengeneza mwenyewe: kwenye kila ncha nimevisha kipande cha mrija wa plastiki wa rangi, ile mirija inayonywea ikipigwa moto. Kijani chenye pete nyekundu, indiketa ya kushoto. Atakayekuja kulifungua gari hili baada yangu hatanitukana.

Unene nao una hesabu yake. Waya wa milimita 2 za mraba, nyuzi 28 za milimita 0.3, unabeba ampea 17 na nusu. Huo unatosha taa kubwa. Wa milimita 1, nyuzi 14, unabeba karibu 8 na robo tatu, unatosha taa ndogo na geji. Kutoka alteneta, ile jenereta ya gari, kwenda betri usiweke chini ya milimita 4 na nusu. Fyuzi za vioo za Lucas nazo zina mtego: ile iliyoandikwa 35 maana yake ni kwamba itakatika ikifika 35, ila kazi yake ya kila siku ni ampea 17. Mtu akitoa fyuzi hiyo akaweka ya kisasa ya 35, ameiondolea gari ulinzi bila kujua, kwani ya kisasa huandikwa kile inachobeba mfululizo.

Tepu nyeusi ya kawaida sikuitumia kabisa. Kwa joto la hapa gundi yake hutiririka, ukiishika baada ya mwaka vidole vinanasa. Nimefunga kwa uzi wa nyavu, ule wa nailoni uliopakwa nta, nikipiga fundo kila baada ya inchi mbili hivi kama walivyokuwa wakifunga nyaya za meli na za ndege zamani. Uzi unapita chini ya fungu, unarudi juu yake wenyewe, unaingia ndani ya kitanzi, unavutwa mpaka nyaya zinakaa pamoja bila kubanwa hadi ganda kuumia. Jirani yangu ambaye ni mvuvi alikuja kutazama, akacheka, kisha akakaa chini akafunga upande mzima wa kulia kwa kasi ambayo mimi sitaifikia.

Sasa arthi. Laiti ningekuwa na nafasi ya kuandika jambo moja tu, ningeandika hili.

Umeme wa gari hutoka betri, hufanya kazi, kisha lazima urudi. Njia ya kwenda ina waya, ina rangi, ina fyuzi, kila mtu anaiangalia. Njia ya kurudi ni chuma cha gari chenyewe, na hakuna anayekiangalia. Kwenye Land Rover mambo ni magumu zaidi, kwa sababu bodi ni aluminiamu na chasisi ni chuma. Rover walipoitoa ile ya kwanza mwaka 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita, aluminiamu ikapatikana kwa urahisi zaidi. Uamuzi wa dharura ukawa sifa ya gari. Lakini aluminiamu na chuma vikigusana huku katikati pana maji ya chumvi, vinakuwa betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Fungua bolti ya taa ya nyuma ya gari la Pwani uone ule unga mweupe. Ule unga haupitishi umeme. Na wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini na mvua zake, hata magari ya Bamburi yaliyo ndani ya gereji hupata haki yao ya chumvi.

Dalili zake ndizo zinazowafanya watu waseme gari lina jini. Unakanyaga breki, indiketa inawaka hafifu. Unawasha indiketa, taa ya nyuma inapepesa kwa kufuata. Si jini wala si swichi. Umeme umefika kwenye balbu, umetaka kurudi, umekuta mlango wa arthi umefungwa, ukapenya kwenye balbu ya jirani kutafuta njia nyingine ya kutokea. Mbaya zaidi ni ya injini. Injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme, kwa hivyo lazima pawe na mkanda wa shaba kutoka injini hadi chasisi. Mkanda ukikatika, umeme wa stata, mota ya kuwashia injini, zaidi ya ampea mia, bado unataka kurudi betri, na utapita popote penye chuma, hata kebo ya choki. Hii nimeiona kwa macho kwenye gari la mtu, kebo ya choki ikitoa moshi kila ufunguo ukizungushwa, na mwenyewe ameshabadilisha betri na stata.

Kupima ni rahisi na karibu hakuna anayepima. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye tamino hasi ya betri, nyingine kwenye injini, chuma kitupu. Mtu azungushe stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ugonjwa uko hapo, uache kununua spea. Rudia kwa taa: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye kikombe cha balbu, taa ikiwaka. Kwangu mimi, kabla ya kung'oa chochote, taa ya kulia ya mbele ilikuwa inapoteza karibu volti nzima kwenye arthi peke yake. Volti moja yaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu haushuki sambamba na volti. Ukitoa volti moja katika kumi na mbili, karibu robo ya mwanga imekwenda.

Nilichofanya ni kuacha kuitegemea bodi. Kila taa sasa ina waya wake mweusi unaorudi hadi kwenye bolti moja ya shaba nyeupe kwenye ukuta wa mbele, kati ya injini na dereva, na kutoka hapo waya mnene unakwenda betri. Injini ina mkanda wake, gia ina mkanda wake. Kila mahali panapobanwa nimekwangua hadi chuma king'ae, nikabana, kisha nikapaka vaselini juu. Juu, baada ya kubana. Taa kubwa nimeziwekea rilei mbili, swichi zinazoendeshwa kwa umeme, ili umeme wake usizunguke tena hadi kwenye swichi ya usukani na kurudi.

Stata ilinipeleka Majengo, kwa mzee mmoja ambaye wote tunamwita Ami. Kibanda chake kina harufu ya vanishi na kahawa. Aliipokea stata kwa mikono miwili, akaizungusha, akasikiliza.

“Hino imeungua lini?”

“Haijaungua, Ami. Inazunguka kwa uvivu tu.”

“Basi si mgonjwa. Ni mchafu.”

Akaifungua huku akiongea na mteja mwingine. Kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimeisha hadi kwenye mkia wa waya. Bushi za shaba zinazoshika mhimili zilikuwa zimelika upande mmoja, ndiyo maana ile roho ya katikati ilikuwa inakwaruza ukuta. Alichofanya kwenye komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba inayosuguliwa na kaboni, kinafaa kusimuliwa taratibu. Alichukua msasa wa mbao, akakataa ule mweusi wa chuma niliomletea, kwa kuwa chembe zake hupitisha umeme na zikinasa kati ya pande mbili za shaba zinaleta shoti. Akaisafisha huku anaizungusha kwa kiganja, mpaka ikawa na rangi ya chungwa. Mika ya kuzuia umeme iliyo kati ya upande na upande hakuichimba, kwani ya stata ya Lucas haichimbwi; alipuliza vumbi tu kila mara. Bushi mpya zilikuwa zimelala usiku kucha ndani ya kopo la oili ya injini, kwa sababu shaba yake ina vitundu na lazima inywe. Gia ya mbele, ile inayoruka kushika gurudumu la injini, aliiosha kwa parafini akaiacha kavu. Grisi hapo hukamata vumbi, gia ikagoma kuruka.

Kuijaribu aliiweka sakafuni, akaikanyaga kwa ndara, akagusisha kebo za betri. Stata ilitaka kuondoka na mguu wake.

“Usiiuze hino kwa kilo,” akaniambia. “Wataitaka kwa shaba yake tu.”

Ni kweli, na ndiyo huzuni ya kutafuta spea za zamani katika mji huu. Ukienda Changamwe au Shimanzi kwa wauza chuma chakavu, stata nzito kama hii haina jina, ina uzito. Ukichelewa siku mbili imeshavunjwa, shaba kando, chuma kando. Januari 2022 serikali ilipoisimamisha biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu, wengi walilalamika. Mimi kwa ubinafsi wangu nilifurahi: vitu vilikaa muda kidogo kabla ya kuyeyushwa, nami nikapata alteneta ya Lucas 16ACR na mabano yake yote.

Vitu vidogo nimevirudisha uhai kwa vya jikoni. Tamino na vichomeo vya shaba vilivyokuwa vya kijani nimevilaza kwenye ukwaju uliolowekwa maji, kama vile madele ya kahawa yanavyong'arishwa. Asidi ya ukwaju huondoa ule ukungu wa kijani bila kuila shaba yenyewe, mradi usivisahau humo.

“Ukwaju wa mchuzi waupikia chuma?” mama aliniuliza akiwa mlangoni.

“Kidogo tu, mama.”

“Kidogo wapi? Nusu ratili!”

Ukitoka kwenye ukwaju, vioshe kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi ife, vikaushe juani, uvipake vaselini. Na magadi yaleyale, yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado na ambayo watu hutia kwenye maharagwe, ndiyo yaliyoondoa kutu kwenye bawaba, mabano na ndoano. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko vichache vya magadi. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye kitu chenye kutu, chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa, visigusane. Mapovu yanaanza papo hapo. Kesho yake kutu imegeuka tope jeusi linalofutika kwa brashi. Tahadhari tatu. Ifanyie nje, maana mapovu hayo yana haidrojeni. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwa kuwa kinaachia kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Na usitie aluminiamu humo hata kidogo. Magadi huila, utakuta bawaba imekuwa nyembamba kama wembe.

Geji nitazipitia haraka. Ya petroli na ya joto zote mbili zilikuwa zinasoma juu, tangi tupu likionekana lina petroli. Vitu viwili vikikosea kwa namna moja, tafuta kile kinachovilisha vyote viwili: nyuma ya dashibodi kuna kidude cha kushusha volti kuwa 10, nacho kilikuwa kimepoteza arthi. Tena arthi.

Vijana wa mtaani wananiuliza kila siku mbona sijaweka ile taa ndefu ya LED juu ya kioo. Alteneta hii inatoa ampea 34 ikiwa imechangamka. Taa kubwa zinakula 10, ndogo za mbele na nyuma karibu 2, koili na waipa 7 au 8. Zinabaki za kutosha kuchaji betri, na kwenye foleni ya feri Likoni, injini ikiwa chini, hata hizo hazipo. LED yenyewe haili sana. Kinachonichosha ni kwamba kila anayeifunga huanza kwa kuvuta waya mpya kutoka betri moja kwa moja, na tunarudi kulekule kwa kuku wa Kikambala.

Kwa sasa taa zote zinawaka, breki haiamshi indiketa, na stata inashika mara moja. Kilichobaki ni mota ya waipa, ambayo kaboni zake haziuzwi popote nilipouliza. Ami anasema atazichonga kutoka kaboni za grainda, ila nimpelekee kabla kusi haijaanza, kwani baadaye meza yake hujaa mota za pampu za watu waliofurikiwa na maji.